Kona ya Kompyuta: Kidole au kibodi?

Tangu toleo lililopita nimeulizwa swali moja na watu wanne: wawili kwenye mkutano wa klabu, mmoja ndani ya basi, na mmoja kwa ujumbe wa saa nane za usiku (unajijua). Swali lenyewe ni hili: "Nina laptopu ya zamani ya kukunja, ile ambayo skrini inageuka mpaka nyuma ikawa kama tableti. Nataka kuweka Linux. Niweke ipi?"

Sababu ya swali hili kuja kwa wingi sasa haijifichi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za zamani kwa kuwa inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Kwa hiyo laptopu nyingi zisizo na ugonjwa wowote zimeambiwa zistaafu. Bei ya laptopu mpya tunaijua, na tunajua pia pauni ngapi hubaki baada ya kulipa chumba. Linux ni bure, na mashine ya mwaka 2016 inaibeba bila kulalamika.

Ila "niweke Linux ipi" si swali lenyewe hasa. Ubuntu, Fedora, Debian na Mint zinafanana ndani kuliko mashabiki wao wanavyotaka kukubali. Kitu utakachokitazama na kukigusa kila siku ni eneokazi, yaani vile vyote vinavyojitokeza mashine ikishawaka: upau wa programu, madirisha na namna ya kuyahamisha, menyu, taarifa zinazochungulia pembeni. Windows ina eneokazi moja, unalichukua lilivyo. Kwenye Linux eneokazi ni programu kama programu nyingine. Unaweza kuweka matatu kwenye mashine moja na kuchagua mojawapo kila unapoingia. Kwa hiyo swali la kweli ni: eneokazi gani linafaa kwa mtu mwenye kibodi mchana na kidole jioni?

Watu huzungumza kana kwamba kidole na kibodi ni watani wa jadi kama Simba na Yanga. Ukiwa upande huu, huwezi kuwa upande ule. Mimi nimetumia mashine ya kukunja kwa mwaka mzima sasa na naona vingine. Kidole na kibodi vina adui mmoja, naye ni kipanya. Mshale wa kipanya unaweza kulenga kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, kwa hiyo waliotengeneza maeneokazi ya kipanya walijaza skrini punje za mchele: vialama vidogo pembeni, menyu ndani ya menyu, mstari mwembamba wa kukamata ili kupanua dirisha. Kidole hakiwezi kulenga punje, na anayetumia kibodi hataki kulenga chochote. Eneokazi lililoacha kumtegemea mshale huwafaa wote wawili. Kuna kipingamizi kimoja kikubwa kwa nadharia yangu hii, nitakifikia.

Historia kidogo, kwa ufupi. KDE ilitangazwa mwaka 1996 na Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen huko Ujerumani. Mwanafunzi, kama sisi, wala hakuwa mkubwa wa kampuni. Mwaka uliofuata Miguel de Icaza na Federico Mena wa Mexico walianzisha GNOME. Wakati huo kila mtu alikuwa na kipanya mezani, na maeneokazi yote yalifuata njia hiyo. Kisha mwezi Aprili 2011 GNOME 3 ikatoka ikiwa imetupa karibu kila kitu: menyu ya kuanzia, orodha ya madirisha chini, aikoni juu ya picha. Kelele zilizopigwa si za kawaida. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux, alisema hadharani kwamba anahamia Xfce, ingawa baadaye alirudi. Wengine wakaanzisha MATE na Cinnamon ili waendelee na mambo yao ya zamani. Nilikuwa chekechea, kwa hiyo sikuumia.

Tuanze basi na hiyo GNOME, maana ndiyo utakayoikuta ukiweka Ubuntu au Fedora Workstation bila kubadilisha chochote. Ubuntu wameipaka rangi zao na kubandika upau wa programu upande wa kushoto, ila ni ileile. Kwenye Fedora, ukifunga madirisha yote utadhani haijamaliza kuwaka. Skrini tupu, na mstari mweusi juu wenye saa.

Bonyeza kitufe cha Super, kile chenye nembo ya Windows kwenye laptopu nyingi. Madirisha yote yanarudi nyuma na kujipanga mbele yako, na ukianza kuandika, mashine inatafuta. Andika "fir", piga Enter, Firefox imefunguka. Andika 37*12 na unajibiwa 444 bila kufungua kikokotoo. Super na mshale wa kushoto, dirisha linashika nusu ya kushoto ya skrini. Mshale wa kulia, nusu ya kulia. Hivyo ndivyo ninavyoandika insha zangu zote: makala ya kusoma kushoto, LibreOffice kulia, na kipanya kimelala ndani ya begi tangu Septemba. Super na Page Down inakupeleka kwenye uwanja mwingine wa kazi, mtupu kabisa, ambako unaweza kuficha mechi ya mpira mhadhiri akipita. Super pamoja na namba 1 hadi 9 hufungua programu za kwenye upau kwa mpangilio wake. Super na A huleta programu zote. Super na L hufunga skrini unapokwenda kuchukua chai. Alt na kitufe kilicho juu ya Tab hukuzungusha kati ya madirisha ya programu ileile, jambo dogo ambalo ukilizoea unalikosa kila mahali.

Sasa kunja mashine, kibodi iende nyuma. Weka vidole vitatu juu ya skrini na uvivute kwenda juu: unaona ukurasa uleule ulioletwa na Super. Vivute kushoto au kulia: unahamia uwanja mwingine wa kazi. Kidole kimoja kutoka ukingo wa chini wa skrini kwenda juu: kibodi ya skrini inapanda. Vitufe vya programu za GNOME ni vikubwa na vimepangwa juu kabisa ya dirisha, na ukishikilia kidole mahali kwa muda, menyu ya pili inafunguka kama vile umebofya kulia. Yaani matendo ni yaleyale matano au sita, na kila moja lina mlango wa kibodi na mlango wa kidole. Akili haihitaji kujifunza mara mbili.

Hapa lazima nimlete bibi yangu. Bibi, mama yake baba, alihamia kwetu kutoka Tanga miaka miwili iliyopita. Laptopu nyumbani ni moja ya maana, nayo ni yangu, na mimi huja nayo nyumbani kila mwisho wa wiki. Simu bibi haipendi, anasema herufi zake ni za sisimizi. Anachotaka ni kumwandikia mdogo wake aliyebaki Tanga. Kupigiana wanapigiana, ila simu ya nyumbani kwetu husikilizwa na sebule nzima, na yapo mambo ya dada wawili wenye miaka sabini na kitu ambayo si ya sebule. Mwanzoni alikuwa ananiambia maneno, mimi naandika. Siku moja akasema, "Mume wangu, nimechoka kuandikiwa. Nionyeshe niandike mwenyewe." (Wasiotoka kwetu wasishtuke, huo ni utani wa bibi na mjukuu.)

Vidole vya bibi vimekakamaa. Amesuka ukili maisha yake yote. Pedi ya kugusa ilimshinda kwa sababu mshale unakimbia, na kipanya kilimshinda kwa sababu kubofya mara mbili haraka ni kazi ya vijana. Kidole kwenye skrini anakiweza, mradi kitu cha kugusa kiwe kikubwa. Kwa hiyo ninapolinganisha maeneokazi, sipimi uzuri wa vivuli vya madirisha. Napima kama bibi anaweza kutoka mashine kuwaka mpaka barua kwenda, bila kuniita.

Kwa GNOME anaweza. Kwenye mipangilio ya ufikivu kuna kitufe kimoja cha maandishi makubwa, nikakiwasha. Programu tatu anazozitumia nimezipachika kwenye upau. Vidole vitatu kwenda juu alivijua siku ya kwanza, akaviita "kupandisha pazia". Sasa na mimi naita hivyo, na naona ni neno zuri kuliko yote niliyoyaona kwenye vitabu.

Plasma, eneokazi la KDE, ni hadithi nyingine. Ukiitazama inafanana na Windows: upau chini, menyu kushoto, saa kulia. Kwa kibodi ina nguvu nyingi sana. Alt na nafasi huleta KRunner, kisanduku kimoja cha kuandika kinachofungua programu, kutafuta faili, kupiga hesabu na kubadilisha vipimo. Meta (ndiyo Super ileile, KDE wanaiita jina lingine) pamoja na T hukuruhusu kugawa skrini kwa vipande unavyotaka mwenyewe. Hilo lilikuja na toleo la 5.27 la mwaka 2023. Na kila njia ya mkato, kila moja, unaweza kuibadilisha kwenye ukurasa wa mipangilio. GNOME nayo inakuruhusu kubadilisha, lakini Plasma inakutandikia busati. Kama wewe ni mtu ambaye alibadilisha sauti ya ujumbe kwa kila rafiki kwenye simu, nenda Plasma tu, tutakutana baada ya wiki mbili.

Kwa kidole, Plasma imekua. Tangu toleo la 5.25 la Juni 2022, ukikunja mashine inajigundua imekuwa tableti, na vile vialama vya pembeni pamoja na vichwa vya madirisha vinavimba ili vigusike. Unaweza pia kuamua kidole kikitoka kila ukingo wa skrini kifanye nini. Kitu ninachokipenda zaidi ni kwamba ukubwa wa kila kitu unaupanga kwa asilimia, 125 au 150 au vyovyote macho yako yanavyotaka. Lakini ramani yake bado ni ya kipanya. Ukigusa kialama cha sauti, kinafunguka kidirisha chenye vitu vingi vidogo vidogo. Ukikosea kidogo umefungua kingine. Kwa kidole changu ni sawa. Kwa kidole cha bibi ni shida, naye hakuona haya kusema: "Hii ina maneno mengi kama shangazi yako."

Ukitaka Plasma usichukue ya zamani. Chukua toleo la 6, lililotoka Februari 2024, ambalo linatumia Wayland moja kwa moja. Na hapa nieleze neno hilo mara moja tumalize. Kwa miongo kazi ya kuchora madirisha kwenye skrini ilifanywa na mfumo uitwao X, uliozaliwa MIT mwaka 1984, enzi ambayo kompyuta ilikuwa na mshale mmoja na kibodi moja. X iliongezewa uwezo wa kutambua vidole vingi baadaye sana, na programu nyingi juu yake bado hukichukulia kidole kama mshale unaobofya. Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, inajua kidole ni kidole. Kwa mashine ya kugusa tofauti unaihisi mara moja. Kwenye X, ukiburuta kidole juu ya ukurasa, unaweza kukuta umechagua maandishi badala ya kuusogeza.

Ndiyo maana Xfce na Cinnamon nitazipita haraka. Zote mbili ni nzuri. Xfce inafanya mashine ya RAM ya gigabaiti 4 ijisikie kijana, na Cinnamon ya Linux Mint ndiyo ninayompendekezea mtu mzima anayetoka Windows na hataki mshangao. Lakini zimejengwa kwa kipanya na zimekulia kwenye X. Wayland bado ni ya majaribio kwao. Kama skrini yako haiguswi, au inaguswa lakini huna haja, chukua mojawapo na uishi kwa amani.

Sasa kile kipingamizi. Nimesema eneokazi linaloacha kipanya huwafaa kidole na kibodi pamoja. i3 inanikatalia. Ilianza mwaka 2009, kazi ya Mjerumani Michael Stapelberg, na Sway ni ndugu yake wa Wayland, iliyoandikwa na Drew DeVault ili isome faili zilezile za mipangilio. Hakuna madirisha yanayopandiana. Kila dirisha jipya linagawana skrini na lililopo, kama watoto kwenye kiti cha nyuma cha gari. Mod na Enter unapata terminali. Mod na D unaandika jina la programu. Mod na namba unahamia uwanja wa kazi. Mod, Shift na Q unafunga dirisha. Mipangilio yote ni faili moja la maandishi ambalo unaweza kulibeba kwenye flashi mpaka mashine nyingine. Nikiwa kwenye Sway naandika kwa kasi ambayo siipati kwingine, kwa sababu mikono haiondoki kwenye vitufe hata mara moja.

Na ukikunja mashine, umekwisha. Kidole kinafanya kazi ndani ya Firefox, unasoma, unasogeza ukurasa. Lakini kuleta dirisha lingine, kufunga hili, kufungua programu, karibu hakuna cha kugusa. Unaweza kuongeza kibodi ya skrini na programu za kutambua ishara za vidole, moja baada ya nyingine, mpaka umejijengea eneokazi zima kwa mkono. Wapo wanaolifurahia hilo. Mimi nina mtihani wa fonolojia. Kwa hiyo nadharia yangu naipunguza: eneokazi linaloacha kipanya kwa kumpa mtu vitu vichache na vikubwa huwafaa wote, linaloacha kipanya kwa kuficha kila kitu ndani ya kumbukumbu ya vidole humfaa mwenye kibodi peke yake.

Sasa tuje kwenye kitu kinachoniuma kweli, nacho ni kuandika Kiswahili kwa kidole. Kwa kibodi ya kawaida hatuna tatizo. Linux ina mpangilio wa kibodi wa Kiswahili cha Kenya na wa Kiswahili cha Tanzania, na herufi zetu ni zilezile za Kilatini, hatuna vinukta juu wala mikia chini. Wenzetu wa Kiyoruba wana haki ya kutuonea wivu. Tuna ritifaa tu. Lakini hiyo ritifaa, kwenye kibodi nyingi za skrini, imehamishiwa ukurasa wa pili pamoja na namba na alama. Hesabu mwenyewe neno ng'ang'ania. Kwa vitufe halisi ni mibonyezo 11. Kwa kibodi ya skrini yenye ukurasa wa pili, kwenda na kurudi mara mbili, ni 15. Bibi yeye ameamua kuandika "ngombe" na kumwachia mdogo wake ajaze. Sisi wanafunzi tuliojifunza kuandika ukubwani, ambao tayari tunachanganya ng na ng', hatuna anasa hiyo.

La pili ni mapendekezo ya maneno. Kwenye Kiingereza unaandika herufi tatu na kibodi inakumalizia. Inawezekana kwa sababu kitenzi chao kina sura nne au tano: write, writes, wrote, written, writing, kwisha. Chukua -andika uone. Nilimwandikia. Hatujaandikiana. Atakayekuandikia. Waliotuandikia. Asingeniandikia. Orodha ya maneno haiwezi kuzibeba zote, maana kila mzizi unazaa maelfu, na mwanzo wa neno, pale ambapo mapendekezo hutafuta, ndipo penye viambishi vinavyofanana kwa kila kitenzi. Ukiandika "nili", kibodi ikupendekezee nini? Kitu chochote ulichowahi kufanya duniani.

Si kwamba hakuna aliyeifanyia kazi lugha yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya Kiswahili, mwaka 2004, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kikagua tahajia cha Kiswahili kipo mpaka leo, kinaingia LibreOffice, na kwenye Debian na Ubuntu kinaitwa hunspell-sw. Kiweke leo hii. Kitakupigia mstari mwekundu chini ya vitenzi vingine vilivyo sahihi kabisa, kwa sababu hiyohiyo ya viambishi, lakini majina na makosa ya l na r kinayakamata vizuri, na nadhani tunajuana humu ndani kuhusu l na r. Ukichagua Kiswahili kuwa lugha ya mashine nzima, menyu nyingi bado zitabaki za Kiingereza. Mtu akitaka mradi wa mwaka wa tatu, huo hapo, wala hauhitaji kujua kuandika programu.

Kwa hiyo kwa barua ndefu, ushauri wangu ni kibodi halisi, hata kwa mzee. Nilimnunulia bibi kibodi ya nje ya pauni chache, vitufe vyake vikubwa, herufi nyeupe juu ya nyeusi. Anaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anagusa skrini. Hatumii kipanya kabisa. Ninapomtazama naona huyo ndiye mtumiaji ambaye maeneokazi haya yangepaswa kumfikiria: kidole na kibodi kwa wakati mmoja, bila kuchagua upande.

Mambo machache ya kiutendaji kabla hamjaanza kufuta diski zenu.

Jaribu kwanza kwa flashi. Fedora na Ubuntu zinawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Pitisha nusu saa ukijaribu mambo matatu: je, skrini inageuka ukiigeuza? Hilo linategemea kihisi cha mashine yako, si eneokazi tu. Je, ukigusa kisanduku cha kuandika, kibodi ya skrini inapanda? Je, vidole vitatu vinatambuliwa? Mashine mbili za mwaka mmoja zinaweza kujibu tofauti.

Ukifunga diski yako kwa nenosiri, na ninakusihi uifunge kama unabeba laptopu kwenye treni, kumbuka kwamba nenosiri hilo huulizwa mashine inapowaka, kabla eneokazi lolote halijafika. Kwa kawaida hakuna kibodi ya skrini pale. Kwa laptopu ya kukunja si neno, unaikunjua. Kwa ile ambayo kibodi yake hutoka kabisa, ukiiacha kibodi nyumbani umebeba sinia.

Na la mwisho, ambalo ndilo jibu langu kwa wale wanne. Si lazima mchague eneokazi moja kwa ajili ya mashine nzima. Kila mtumiaji ana akaunti yake, na kwenye ukurasa wa kuingia kuna kigurudumu pembeni cha kuchagua eneokazi. Mashine inakumbuka kila mtu alichochagua mara ya mwisho. Akaunti yangu inafunguka Sway, nyeusi, haina hata picha. Akaunti ya bibi inafunguka GNOME yenye maandishi makubwa na picha ya bandari ya Tanga. Nenosiri lake silijui. Aliliweka mwenyewe, akanigeuzia skrini ukutani, na barua zake nazo siku hizi ni ndefu.

Wanaotaka kujaribu bila kupakua wenyewe: nina flashi mbili, moja ya Fedora yenye GNOME na moja ya Fedora yenye Plasma. Nitakuja nazo kwenye mkutano wa klabu wa wiki ijayo. Njooni na chaja zenu, soketi za chumba kile mnazijua.